Anti anajibu: Kikombe cha Unguja, tungule na boflo

SWALI: Shikamoo anti. Mi nakaa Ipagala hapa Dodoma. Mwezi wa nane tulienda Zanzibar na mume wangu, tukapanda treni ya SGR mpaka Dar afu boti, na wakati wa kurudi nikanunua kikombe sokoni Darajani. Kina mlango wa Mji Mkongwe na jahazi, afu pembeni kimeandikwa TUNGULE, BOFLO, MBATATA. Kila mgeni akija anauliza hayo maneno maana yake nini na mi sina jibu, mume wangu anasema ni Kiarabu. Afu picha imeanza kubanduka na nlikinunua elfu kumi na tano. Nimeibiwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na maneno maana hapo ndo utamu ulipo. Tungule ni nyanya, boflo ni mkate wa kuoka huu tunaonunua dukani, mbatata ni viazi mviringo, na kama ulikula urojo Forodhani basi mbatata umezitafuna bila kujua jina lake. Mwambie shemeji hicho ni Kiswahili kabisa, hata kama kuna maneno yalikuja na vyombo vya baharini zamani hizo, watu wa Unguja wanayatumia sokoni kila siku asubuhi.

Na kinachonifurahisha mimi ni hiki, Kiswahili tulichofundishwa shuleni (wao wanasema skuli) kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini, walikubaliana kwenye mkutano Mombasa 1928 na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930, kwahiyo sisi wa bara tukifika kule tunaelewana nao vizuri tu, tunaongea weee, afu ghafla mama wa sokoni anakuuliza unataka tungule za bei gani na unabaki umesimama na kikapu chako. Na hicho ni cha mjini tu. Ukienda Makunduchi wana Kikae chao, Tumbatu wana chao, Pemba wana chao, na Baraza la Kiswahili Zanzibar, BAKIZA, limeshatoa mpaka kamusi za lahaja. Lakini zunguka maduka yote ya Mji Mkongwe utafute kikombe chenye Kikae au Kipemba, utachoka miguu. Vingi ni Hakuna Matata na twiga, na twiga wa porini Unguja hayupo! Mi sivinunui hivyo. Nenda Jaws Corner, kile kijiwe cha Mji Mkongwe, jioni ukakae na wazee wanaokunywa kahawa chungu kwenye vile vikombe vidogo visivyo na mkono, inamiminwa ya moto kutoka kwenye dele, sikiliza wanavyosalimiana na wanavyobishana mpira, hapo ndo utajua maneno gani yanafaa kukaa kwenye kikombe. Aliyeandika boflo kwenye chako alisikiliza watu. Kwahiyo kwa upande wa maneno hujaibiwa hata kidogo.

Kwenye picha sasa, hapo ndo pabaya. Pitisha ukucha taratibu pembeni ya ule mlango. Kama ukucha unakwama na picha inanyanyuka, hiyo ni stika imebandikwa juu, na stika haina maisha marefu kwenye maji ya moto. Picha iliyochomwa kwa mashine ni laini kama kikombe chenyewe, ukucha unateleza tu. Kwa ilipofikia usikiloweke kwenye beseni usiku kucha, usikisugue na stilwaya, tumia sponji na sabuni kidogo. Ikizidi kubanduka kiweke kabatini kiwe cha kumbukumbu, usikitupe.

SWALI: Mambo anti, mi nina mashine ya kuprinti vikombe hapa Majengo. Wageni wanaokuja kipindi cha Bunge wanaulizia kikombe cha Dodoma, nataka nitoe kama vile vya Zanzibar ila viwe vya kwetu. Nikiandika MBUKWA, ile salamu ya Wagogo, itauza?

JIBU: Poa sana mdogo wangu, na nimefurahi kweli kusoma hii. Andika. Mbukwa kwa mtu mmoja, mbukwenyi kwa watu wengi, sasa hebu fikiria seti ya vikombe sita, kila kimoja Mbukwa na boksi lenyewe limeandikwa Mbukwenyi. Usiweke twiga tafadhali. Weka zabibu, weka zeze, weka wamama wa Kigogo na ngoma zao za muheme wamezibana katikati ya miguu. Ukitaka sura ya mzee Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, nenda kwanza ukaongee na familia yake, mzee alifariki 2003 lakini sura ya mtu haiwi ya kila mtu kwa sababu amefariki.

Ila kabla hujachoma hata kimoja, peleka maneno kwa bibi anayeongea Chigogo nyumbani kwake kila siku, ayasome kwa sauti. Nakwambia kwa uchungu. Niliwahi kupeleka oda ya vikombe kumi na mbili vya harusi ya wifi yangu wa Pemba, neno tungule na picha ya nyanya nyekundu nzuri kabisa, kijana aliyedizaini akaona nimekosea akanirekebishia, vikarudi vyote TUNGULI. Tunguli ni kibuyu cha mganga! Harusi ilikuwa kesho yake. Nilikaa chini na boksi mapajani nikalia, herufi moja tu, na yule kijana hakuwa na nia mbaya, hakuwa analijua neno na hakuniuliza.

Kiufundi unajua kunizidi ila nikukumbushe, wino ule ukipata joto la kama digrii 180 mpaka 200 unageuka mvuke na kuingia kwenye ile koti ya plastiki iliyopakwa juu ya kikombe, kwahiyo kikombe cha kawaida cha duka la vyombo hakiwezi kushika picha hata ukichome nusu saa. Nunua vyenye koti. Na geuza maandishi kwenye kompyuta kabla ya kuprinti, yakae kama yanavyoonekana kwenye kioo, la sivyo Mbukwa itasomeka kinyumenyume.

SWALI: Anti, wa Singida hapa, kikombe changu cha Zanzibar kina mstari wa dhahabu mdomoni, naweza kupashia chai kwenye maikrowevu?

JIBU: Hapana. Ule mstari una madini, utatoa cheche na kuungua. Pasha chai kwenye sufuria afu mimina.