Bakuli la mtu mmoja

Wiki hii mmeuliza: ni mlo gani wa ugenini unaoutamani ukiwa nyumbani, na kwa nini huo? Mimi sikuhitaji kufikiri. Ni tambi za nyama ya ng'ombe za Guangzhou, mji wa kusini mwa China, zile za kuvutwa kwa mikono, kwenye kimgahawa chenye meza sita na sakafu inayoteleza kwa mafuta.

Nauza nguo za watoto Kariakoo. Nilianza kwenda China mwaka 2013, na kama wengi wa kutoka kwetu nilifikia Xiaobei, mtaa ambao kabla hujasikia Kichina utakuwa umesikia Kiarabu, Kifaransa, Kilingala na mtu anayegombana na wakala wa mizigo kwa Kiswahili. Siku tatu za kwanza nilikula biskuti na ndizi. Nilikuwa naogopa nguruwe. Siku ya nne mama mmoja wa Mombasa, mzoefu wa safari hizo, alinicheka: "We dada, utakufa njaa na Waislamu wenzio wamekuzunguka? Tafuta kibao cha kijani." Kibao hicho huwa na herufi mbili za Kichina, zinasomwa qingzhen, na mara nyingi kando yake neno halali kwa Kiarabu. Nilikuwa nimeshapita mbele ya kimoja asubuhi na jioni, siku zote tatu.

Juu ya mlango paliandikwa Lanzhou Lamian, yaani tambi za kuvutwa za Lanzhou. Nilipoona mgahawa wa pili na wa tatu wenye jina hilohilo, nikadhani kuna tajiri mmoja mwenye matawi kila kona. Kumbe sivyo. Lanzhou ni mji wa kaskazini-magharibi, katika jimbo la Gansu, na tambi zimetoka huko. Ila wengi wanaozipika huku kusini ni Wahui, Waislamu wa Kichina, kutoka jimbo jirani la Qinghai. Jina limekuwa kama "chipsi kuku" kwetu, halina mwenyewe. Watu wa Lanzhou wenyewe wakizionja za huku hukunja uso. Hayo ni yao. Mimi sikuwa na za kulinganisha nazo, nilikuwa na njaa.

Ukutani kuna picha za vyakula na bei zake, kwa hiyo hata asiyejua neno la Kichina hunyoosha kidole. Mimi nilinyooshea picha ya pili kutoka kushoto, yuani 10, na sijaihama mpaka leo.

Jiko liko wazi. Kijana mwenye kofia nyeupe aliniitikia salamu, "wa alaykum salam", na hapo Kiarabu chetu sote wawili kikaishia. Akachukua donge la unga, akalivuta mpaka mikono ikawa imetanuka kama muuza vitambaa anayepima doti, akalikunja, akalivuta tena, akalibamiza mezani pwaa, unga ukaruka. Mimi ni mtu wa hesabu, nikawa nahesabu. Kila akikunja nyuzi zinazidi mara mbili: mbili, nne, nane. Akikunja mara ya 8 zinakuwa 256, zote kutoka kwenye donge moja dogo, na zote zinaingia sufuriani kabla hujamaliza kutafuta pa kuweka mkoba.

Safari ya baadaye nilimuuliza kwa ishara, mbona hazikatiki? Akanionyesha kibakuli cha maji yaliyokorogwa unga fulani. Nikachovya ncha ya kidole nikaonja. Magadi! Najua si yetu haswa, zamani wao walitumia majivu ya mmea wa jangwani, lakini mimi nimezaliwa Tanga, ulimi wangu ulimtambua ndugu yake palepale.

Bakuli lenyewe: mchuzi mwangavu wa mifupa ya ng'ombe, vipande vyeupe vya figili, mafuta mekundu ya pilipili yakielea juu, giligilani kibao. Na nyama? Hapo ndipo wenzangu wengi huvunjika moyo. Mtanzania ukimwambia tambi za nyama anategemea nyama. Hapa utapewa vipande vinne vyembamba kama karatasi ya risiti, ushahidi tu kwamba ng'ombe alihusika. Anayetaka kushiba nyama aende kwa Waturuki, nao wapo Xiaobei.

Kilichonishinda mwanzoni kilikuwa kelele. Marehemu mama yangu alikuwa akisikia mtu anakula kwa sauti anauliza, "huyo katoka wapi?" Sasa pale kila meza ni fyuuu, fyuuu, wazee kwa vijana. Nikajitia adabu, nikazungusha tambi kwenye vijiti ili zipoe nile kimya. Nilipozigusa tena zilikuwa zimevimba zimekunywa mchuzi wote, uji mtupu. Tambi hizi hazikusubiri. Unazivuta pamoja na hewa, hewa ndiyo inayozipoza, na sauti haina budi kutoka. Siku hizi navuta kama wao. Mama anisamehe.

Lakini ladha hiyo, kwa kweli, sasa ningeweza kuikaribia hata nyumbani. Kinachonirudisha pale ni jambo jingine.

Mimi nimekulia kwenye sinia. Kula peke yako kwetu ni uchoyo, au ni msiba. Na mwanamke akiingia hotelini Dar peke yake akakaa, mhudumu atakuja mara tatu: "Mama, tunamsubiri nani?" Ukisema humsubiri mtu, anakuonea huruma, anakuhamishia pembeni karibu na sinki. Guangzhou sijawahi kuulizwa. Unakaa penye nafasi, hata kama mezani kuna wageni watatu wasiojuana: mwendesha pikipiki wa kupeleka vyakula, mwanafunzi, bibi mwenye kapu la mboga. Kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja na fyuuu yake. Hakuna anayekutazama, na hakuna aliyekutenga, maana siki unampitishia huyu na pilipili unapitishiwa na yule. Dakika kumi na tano umemaliza, unainuka, anakaa mwingine. Baada ya siku nzima ya kubishana bei za suruali za watoto kwa kikokotoo, utulivu ule ni dawa.

Msidhani Wachina wote hula hivyo. Januari 2019 nilikwenda Beijing kumwona mtoto wa kaka yangu aliyekuwa anasoma huko. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Akanipeleka Niujie, mtaa wa Waislamu wenye msikiti uliojengwa tangu mwaka 996, tukale jiaozi. Fikiria sambusa ndogo, laini, iliyochemshwa badala ya kukaangwa, ndani kondoo na vitunguu majani. Kule kaskazini jiaozi huagizwa kwa uzito, na kipimo ni liang, gramu 50. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikamwahi mhudumu nikaagiza kwa kipimo nilichokizoea sokoni: jin moja, yaani nusu kilo. Mtoto akashika kichwa. "Shangazi, hiyo ni liang kumi! Na wanapima unga tu, nyama haimo!" Zikaja sahani juu ya sahani, kama jiaozi sitini, na sisi wawili tu.

Basi ikawaje? Akapiga simu, wakaja wenzake wanne, mmoja Mrundi, mmoja wa Lubumbashi, wawili wa kwetu. Tukachovya kwenye siki nyeusi, tukatafuna punje za kitunguu saumu kibichi kama wenyeji, tukacheka mpaka mgahawa mzima ukageuka. Mwisho tukaletewa maji yaleyale yaliyochemshia jiaozi, tukayanywa ya moto. Lile lilikuwa sinia, bila sinia. Jiaozi naona ni chakula cha watu. Ukiziagiza peke yako zinakusuta. Nilizipenda, na sizitamani nikiwa nyumbani, kwa sababu walio nyumbani ninao. Kila siku nala na watu saba.

Tangu Machi 2020 mpaka mwanzoni mwa 2023 hatukwenda. Niliporudi nilikuta bakuli limefika yuani 18 na noti yangu inaangaliwa kama kitu cha makumbusho. Kila mtu analipa kwa kuelekeza simu kwenye kibao kilichobandikwa mezani. Kijana wa kofia nyeupe hakuwepo, yupo mwingine, mdogo zaidi, anabamiza kwa nguvu kupita kiasi. Picha za ukutani zimefifia zikawa za buluu, lakini hazijabadilishwa mpangilio.

Oktoba nina safari tena, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara. Mume wangu anasema safari hii angependa tufuatane. Nimemwambia karibu, na kwamba jioni ya kwanza, nikishaweka mizigo, kuna mahali nitatoka kidogo mara moja.