Italia Haina Jiko Moja: Ushauri kwa Mnaokuja Kusoma na Kufanya Kazi

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja Italia, kila ikifika Agosti naulizwa maswali yale yale: chakula huko kikoje, bei zikoje, na je, wenyeji wanapokea wageni? Jibu linategemea unashukia wapi. Mimi nimesoma Padova, nikafanya kazi Firenze, na sasa naishi Bari, na kila nilipohama ilinibidi nijifunze upya namna ya kula na namna ya kukaa na watu. Kuna jambo moja limenisaidia kote. Ukifika mahali, uliza maskini wa hapo zamani walikuwa wanakula nini. Mpaka leo chakula hicho ndicho chenye bei nafuu, ndicho wanachojua kukipika kuliko kingine chochote, na mwenyeji akikuona unakila kwa hamu hubadilika sura.

Tuanze kaskazini, maana vyuo vingi mnavyoomba viko huko. Veneto, Lombardia na Friuli ni nchi ya polenta, na polenta ni ugali. Unga wa mahindi, maji ya moto, chumvi kidogo, mwiko na mkono usiochoka. Bergamo na Brescia wanatumia mahindi ya njano, lakini upande wa Padova, Treviso na Venezia utakuta polenta nyeupe, inayoliwa sana na samaki. Kwa hiyo ukiwa Veneto huna haja ya kusafiri kutafuta duka la Waafrika ili upate sembe. Ingia supamaketi ya kawaida, nenda rafu ya unga, usome pakiti vizuri. Iliyoandikwa "bramata" imesagwa kwa chenga kubwa. "Fioretto" ni laini, na ndiyo inayokaribia tuliyoizoea. Iliyoandikwa "istantanea" iache, hiyo imeshapikwa kiwandani na haitashikana mkononi hata uisonge mpaka kesho.

Wazee wa Veneto wana historia nzito na chakula hiki. Katika karne ya 18 na ya 19 wakulima wa huko walikuwa maskini kiasi kwamba walikula polenta peke yake mwaka mzima, bila nyama wala maziwa, na wengi wakaugua pelagra kwa kukosa vitamini ambayo mwili hauipati kwenye mahindi yaliyopikwa hivyo. Kwa sababu hiyo, mzee akikukuta unakula polenta na mboga, mkaanza kuzungumza, sikiliza. Atakueleza mambo ya bibi yake ambayo hakupanga kumweleza mgeni. Watu wa kaskazini husemwa kuwa ni wakavu. Mimi sikubali. Ni watu wa miadi. Hawabishi hodi bila taarifa na hawapendi kubishiwa. Akikwambia uje Jumamosi saa moja na nusu jioni, fika saa moja na nusu, maana chakula kiko mezani. Mwaliko unaweza kuchukua miezi kuja, lakini ukija huwa ni wa kweli, na mtu huyo utamtegemea hata siku unahama nyumba na unahitaji gari.

Tena wengi wao wanatujua kuliko tunavyodhani. Padova ndiko liliko shirika la madaktari la CUAMM, lililoanzishwa mwaka 1950, na madaktari wake wamefanya kazi Tosamaganga, Iringa, na hospitali nyingine nyingi za Afrika Mashariki. Torino ndiko walikotoka wamisionari wa Consolata waliofika Kenya mwaka 1902. Taja Nyeri au Iringa mbele ya familia za Kikatoliki za Piemonte, uone kama hatatokea mtu mwenye shangazi au padre wa familia aliyewahi kuishi huko. Usione haya kujitambulisha kwa mji wako.

Milano sitaisemea mengi. Ni ghali, hasa kodi. Chumba cha peke yako mara nyingi kinapita euro 600 kwa mwezi, wakati Palermo, Catania au Lecce chumba cha namna hiyo bado unaweza kukipata kwa nusu yake. Kokote utakakopanga, dai mkataba uliosajiliwa, na ujue kwamba amana haitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu.

Sasa niwaeleze mambo ya baa, maana hapa ndipo pesa ya mgeni inapovujia. Baa ya Italia ni mahali pa kahawa na mkate mtamu wa asubuhi, na mtu yeyote anaingia, hata bibi na wajukuu. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni kati ya euro 1 na euro 1.50 karibu nchi nzima. Napoli iko chini kidogo, Bolzano na Trento juu kidogo. Kahawa hiyo hiyo ukiketi mezani inaweza kuwa mara mbili, na kwenye viwanja vya watalii kama San Marco pale Venezia inapanda mara nyingi zaidi. Hakuna aliyekuibia, bei zote mbili zimebandikwa ukutani. Soma kwanza, kisha amua kama miguu imechoka kiasi hicho. Roma na kusini, sehemu nyingi unalipa kwanza kwa keshia, unachukua risiti na kuipeleka kaunta. Napoli watakupa na glasi ndogo ya maji. Hayo yanywe kabla ya kahawa, wala hayalipiwi.

Kwenye mgahawa kuna kitu kinaitwa coperto. Ni malipo ya kukaa mezani, kwa kila kichwa, mara nyingi euro 1.50 hadi 3, na lazima yaandikwe kwenye orodha ya vyakula. Mkoa wa Lazio, wenye mji wa Roma, uliyapiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2006, ndiyo maana huko utakuta unatozwa mkate badala yake. Mkate huo unaweza kuukataa ukiletwa, na usipougusa huna cha kulipa. Na mkiwa wanafunzi sita mnakwenda kula pizza, hesabuni coperto kabla ya kuketi, kwa sababu sita mara euro 2.50 ni pesa ya pizza mbili za Napoli. Kule Margherita nzuri bado inapatikana kwa euro 5 hadi 7. Maji ya bomba ni salama kunywa. Roma ina chemchemi za chuma mitaani zinazotoa maji bure mchana na usiku, Torino nayo ina zake zenye kichwa cha fahali. Tembea na chupa.

Toscana nilikaa nikifanya kazi, na mapenzi yangu na Firenze yalianzia kwenye utumbo. Mji ule ambao watalii hulipa pesa nyingi kula nyama ya kuchoma ya kilo nzima una vibanda vya barabarani vinavyouza lampredotto, yaani tumbo la nne la ng'ombe. Hupikwa taratibu kwenye mchuzi wa nyanya, vitunguu na figili. Muuzaji analitoa kwa uma mrefu, anakatakata kwenye ubao, anachovya nusu ya mkate kwenye mchuzi, anaweka chumvi, pilipili manga, kisha anakuuliza kama unataka mchuzi wa kijani wa kotimiri au wa pilipili kali. Sema vyote viwili. Utalipa euro 5 hivi na utashiba mpaka jioni, umesimama kati ya fundi bomba na wakili. Mimi niliwazoea wenyeji wa mtaa wangu kwenye kibanda hicho kabla sijawazoea majirani wa ghorofa yangu. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Usidhani umesahauliwa, umetengenezwa kuliwa na vitu vyenye chumvi, na ukichakaa unaingia kwenye supu ya maharage na kabichi nyeusi iitwayo ribollita, ambayo sufuria moja yake inamlisha mwanafunzi siku tatu.

Kwa ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, someni hapa kwa makini. Emilia-Romagna ina chakula kinachosifiwa sana, na nguruwe amejificha humo kuliko mkoa wowote niliopita. Si kwenye nyama za nguruwe kama prosciutto na mortadella tu, hizo zinaonekana. Yumo kwenye tortellini, tambi ndogo zilizojazwa nyama, yumo kwenye mchuzi wa nyama wa Bologna, na piadina, ule mkate bapa unaouzwa kila kona ya Romagna, kwa asili hukandwa na mafuta ya nguruwe. Neno la kuuliza ni "strutto". Siku hizi wengi wana piadina ya mafuta ya zeituni, lakini lazima uulize. Roma, tambi za carbonara na za amatriciana zote zina guanciale, shavu la nguruwe. Kusini ni rahisi zaidi, maana mboga, dengu na samaki ndiyo msingi wa chakula. Trapani, Sicilia, wanapika kuskusi ya mchuzi wa samaki waliyoipata kwa jirani zao wa Afrika Kaskazini, na Palermo wanakaanga panelle za unga wa dengu na kuziweka ndani ya mkate. Kwa pesa ya nauli ya basi na zaidi kidogo, umeshakula mchana.

Ukiwa Roma na ukatamani vya nyumbani, nenda soko la Esquilino karibu na kituo cha Termini. Mihogo, bamia, ndizi za kupika, viungo, vyote vipo. Huko pia utasikia Kiswahili, kwa sababu Roma imejaa mapadre na masista wetu waliokuja kusoma Urbaniana na vyuo vingine vya Kanisa. Torino wana soko la Porta Palazzo. Nenda Jumamosi jioni wachuuzi wanapofunga, bei zinaanguka.

Sasa Puglia, ninakoishi. Hapa chakula cha maskini ni fave na cicoria: maharage makubwa makavu yaliyopondwa mpaka yakawa uji mzito, pembeni mboga chungu inayofanana kabisa na mchunga, juu yake mafuta ya zeituni mabichi. Kilo ya fave kavu inalisha nyumba nzima. Mafuta msinunue supamaketi. Ulizeni kazini au kanisani nani ana miti. Karibu kila familia ina mjomba mwenye miti, na Novemba, yakishakamuliwa, watakuuzia dumu la lita 5 kwa bei ya kiungwana.

Ukarimu wa kusini ni wa kusukumana. Utaongezewa chakula mara ya pili na ya tatu, na "asante, nimetosheka" ya kwanza haihesabiwi. Chakula cha mchana cha Jumapili kinaanza saa saba na nusu hivi na kinaweza kufika saa kumi na moja. Vitu vidogo vya mwanzo vikipita, chukua kidogo kidogo, kwa sababu tambi bado, na baada ya tambi kuna nyama au samaki. Usiende mikono mitupu. Pita duka la keki asubuhi, nunua sinia dogo la vitamutamu, watakufungia kwa karatasi na utepe, na mama wa nyumba ataridhika. Kwenye kahawa watu wa huku hugombania kulipa. Mwache mwenzako alipe leo, wewe wahi keshia siku nyingine. Kaskazini rafiki akisema twende tukale pizza, mara nyingi bili itagawanywa sawa kwa wote, na hapo hapana ubaya wala uchoyo.

Mkiweza, kubalini mwaliko wa Agosti wa kutengeneza mchuzi wa nyanya. Familia nzima inaamka alfajiri. Makreti ya nyanya yanaoshwa uani, zinachemshwa, zinapitishwa kwenye mashine inayotenga maganda na mbegu, kisha watoto wanatia jani la basili katika kila chupa na wazee wanafunga vizibo. Chupa zinapangwa ndani ya pipa, magunia katikati ili zisigongane, maji yanajazwa na moto wa kuni unawashwa chini. Pipa huachwa lipoe mpaka kesho yake. Kila aliyefanya kazi anaondoka na chupa zake, na ukishashika mwiko pale, huitwi tena mgeni.

Lakini nyanya hizo hizo zinanilazimu kusema jingine. Mashamba ya Foggia, mkoa huu huu, huvunwa na wahamiaji wengi kutoka Afrika wanaolipwa kwa kreti, wanaolala kwenye vibanda vya mabati, na wanaokatwa pesa na msimamizi aliyewapeleka shambani. Jambo hilo ni kosa la jinai. Sheria namba 199 ya mwaka 2016 inamwadhibu dalali pamoja na mwajiri. Mtu akikukaribisha vizuri mezani kisha akakuahidi kazi ya shamba bila mkataba wa maandishi, shukuru kwa chakula, kazi usiende. Nenda ofisi ya chama cha wafanyakazi iliyo karibu nawe, wanakusikiliza bila malipo.

Kwa wanafunzi, mwisho. Kila mkoa una ofisi yake ya ruzuku: DSU Toscana, EDISU Piemonte, ER.GO kwa Emilia-Romagna, ADISU Puglia. Ruzuku hutolewa kwa kipimo cha kipato cha familia, na mwenye ruzuku hula kwenye bwalo la chuo bure au kwa bei ndogo, kulingana na mkoa. Mwisho wa kuomba mara nyingi ni Agosti au Septemba, wengi wenu mkiwa bado nyumbani, kwa hiyo hati za kipato na za mali za wazazi zianzeni mapema, zitafsiriwe na zithibitishwe kabla ya safari. Na hata ukipata, awamu ya kwanza ya pesa mara nyingi haiingii kabla ya Desemba. Njoo na pesa ya kula ya miezi mitatu iliyotengwa kabisa, mbali na kodi na amana.