Jibu: Ripoti inasema asilimia 80, mbona bado vumbi?

Ndugu, umeuliza inakuwaje ripoti ya mwaka ya jiji iseme barabara yenu imefikia asilimia 80 na bado mnakula vumbi. Angalia kwanza hiyo 80 ni ya nini: fedha zilizolipwa au kazi iliyofanyika? Mara nyingi mkandarasi hupewa malipo ya awali kabla greda halijawashwa, kwa hiyo fedha hutangulia. Halafu kazi kubwa iko chini: makalavati, mitaro, kushindilia kifusi tabaka kwa tabaka. Lami huja mwishoni, tena ndiyo ya haraka. Fungua na ripoti ya mwaka jana. Ukikuta asilimia ileile, tarehe ya kumaliza tu ndiyo imesogezwa, hapo kuna jambo.