"Uhalifu wa kivita" au "uhalifu wa vita"?

SWALI: Nimebishana na mwenzangu. Yeye hushikilia kwamba raia wakiuawa kwa wingi, popote pale, huo ni uhalifu wa kivita. Mimi naona neno hili linatumiwa ovyo. Halafu kuna wanaoandika "uhalifu wa vita", wengine "jinai za kivita", na juzi nilisoma "ametuhumiwa kwa uhalifu tatu wa kivita". Tusaidie.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na kile kiambishi kidogo, ki-. Kikitangulia jina huleta maana ya namna au aina: mwendo wa kijeshi, mavazi ya kitaifa, ndege ya kivita. Ndivyo ilivyo kwa uhalifu wa kivita: ni uhalifu wa aina yake, wenye kanuni zake. "Uhalifu wa vita" hauvunji sarufi, ila una utata, maana msikilizaji anaweza kudhani vita vyenyewe ndivyo uhalifu. Hilo ni kosa jingine, uhalifu wa uchokozi, ambalo nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikubaliana maana yake mjini Kampala mwaka 2010.

Neno lenye uzito zaidi ni "uhalifu". Kuhalifu ni kwenda kinyume cha amri. Mtoto aliyekatazwa jambo akalifanya amehalifu. Basi penye uhalifu sharti iwepo sheria iliyokiukwa, na vitani sheria hiyo ipo: Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 na itifaki zake za 1977. Askari anayempiga risasi askari wa adui katikati ya mapigano ameua, lakini hajaihalifu sheria hiyo. Adui yule akitupa bunduki na kuinua mikono, kisha akapigwa risasi, huo ni uhalifu wa kivita. Watu ni wale wale, silaha ni ile ile, na huenda hata dakika mbili hazijapita.

Kwa raia mambo ni magumu zaidi, na hapa namwelewa mwenzako, kwa sababu maiti ya mtoto haihitaji mwanasheria kuieleza. Lakini mahakama huuliza: je, raia walilengwa? Kama kilicholengwa ni ghala la silaha, je, mshambuliaji alijua kwamba madhara kwa raia yangezidi kwa dhahiri faida ya kijeshi aliyoitarajia? Hayo maneno "kuzidi kwa dhahiri" yamo ndani ya Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mawakili hubishana juu yake kwa sababu hakuna mizani iliyotajwa. Roho ngapi kwa ghala moja? Sheria haisemi.

Tena si lazima mtu afe. Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Kongo, alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Ahmad Al Faqi Al Mahdi alifungwa mwaka 2016 kwa kubomoa makaburi ya mawalii mjini Timbuktu, nchini Mali.

Pasipo vita, neno la mwenzako halifai hata waliokufa wawe wengi kiasi gani. Ndiyo maana mashtaka ya ghasia za uchaguzi wa Kenya za 2007 na 2008 yalikuwa ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, yaani mashambulizi dhidi ya raia yaliyoenea au yaliyopangwa. Naandika "ubinadamu", si "binadamu", kwa kuwa kila mauaji ni dhidi ya binadamu fulani. Kinachodaiwa hapa ni kwamba utu wetu sote umeshambuliwa.

Usichanganye pia mauaji ya halaiki na mauaji ya kimbari. Halaiki ni umati. Linakupa wingi tu. Mbari ni ukoo, na kosa lenyewe hupimwa kwa nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, kikabila, la rangi au la kidini, lote au sehemu yake. Kwa hiyo nachagua kimbari, ingawa nakiri kwamba dini si mbari. Mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa hilo kwa mara ya kwanza Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Akayesu wa Rwanda.

Sasa ile sentensi yako. "Uhalifu" hauna wingi, hivyo hauhesabiki, tunahesabu makosa. "Jinai" inahesabika, na "jinai tatu za kivita" ni sawa kabisa. Mtu huwa mhalifu wa kivita baada ya hukumu. Kabla ya hapo ni mtuhumiwa, na akifunguliwa mashtaka ni mshtakiwa. Tuhuma nayo ikiwa bado ipo, "anatuhumiwa" linafaa kuliko "ametuhumiwa". Ningeandika: "Anatuhumiwa kwa makosa matatu ya uhalifu wa kivita."