Ukuta wa njia ya madrasa

Mmeuliza wiki hii: una hofu gani ambayo wenzako huiona si ya kawaida, na ikikushika mwili wako huwaje? Mimi naogopa matundu. Si kisima wala shimo la barabarani, bali vitundu vidogo vilivyosongamana, kama vya sega la nyuki, dodoki lililokatwa au uso wa chila, ule mkate mwembamba wa mchele, ikiiva.

Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ambako nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Chokaa ikiwa nzima, ukuta huwa laini na mweupe. Ikibambuka, jiwe hubaki wazi na vitundu vyake chungu nzima, vilivyowahi kukaliwa na vijidudu vya bahari. Njia yangu ya madrasa ilipita kando ya ukuta mmoja wa namna hiyo. Nilikuwa na miaka minane. Nikiukaribia, shingo ilinisisimka, vinyweleo vikasimama, mate yakajaa kinywani, kisha kichefuchefu. Ngozi iliniwasha kana kwamba vitundu vile vinahamia mwilini mwangu. Basi nikawa nazunguka mtaa mzima, nachelewa, nachapwa, na kesho yake nazunguka tena. Siku shule ilipotupeleka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, nilitapika kabla hata ya kuingia.

Wenzangu walipojua, mmoja alinitilia kipande cha sega mkobani. Hata leo wapo wanaonitumia picha kwenye simu ili waone nitafanyaje. Tafadhalini, msimfanyie mtu hivyo. Mwili unaoshtukizwa hauzoei, hujifunza kujihadhari zaidi.

Mamangu alinipeleka kwa mwalimu wa madrasa, nikaandikiwa kombe, yaani aya zinazoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, nikanywa. Simlaumu hata kidogo; ana mtoto anayetapika kwa kuona ukuta, angefanya nini? Dua ilinituliza moyo, lakini njia ya madrasa niliendelea kuizunguka.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba hali hii ina jina, tripofobia, na kwamba siko peke yangu. Mwaka 2013 Geoff Cole na Arnold Wilkins wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, waliwaonyesha watu 286 picha ya kichwa cha mbegu za yungiyungi, na asilimia 16 walisema kuitazama kunawasumbua au hata kuwachukiza. Wao walidhani macho yetu hukumbushwa ngozi za wanyama wenye sumu. Wengine husema ni mwili unaojikinga na vidonda na magonjwa ya ngozi, na mimi, kwa jinsi ninavyowashwa, nawaamini hawa wa pili.

Kilichonifungua macho zaidi ni utafiti wa mwaka 2018 kutoka Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Mtu akiona nyoka, adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli, mboni za macho hupanuka: mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Watafiti wale walipoonyesha picha za matundu, mboni zilinywea. Hiyo iko karibu zaidi na karaha kuliko woga. Ndipo nilipoelewa kwa nini pale ukutani sikuwahi kutimua mbio. Nilikuwa naganda, tumbo likinipinduka.

Binamu yangu, mvuvi wa miraba minne, mwili wake una njia nyingine kabisa. Akiona damu ya mtu, moyo hudunda kwanza, halafu mapigo na presha hushuka ghafla, ubongo ukakosa damu, naye chini. Kumwambia alegeze mwili ni kumwangusha. Lars-Göran Öst wa Uswidi aliwafundisha watu kama yeye kinyume chake: kaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, achia, kisha rudia. Nilikaa naye siku aliyotolewa damu ya kupimwa. Alikaza, akatoka kwa miguu yake.

Mimi nilisaidiwa na mshauri mmoja, dada mpole sana, kwa njia ya zamani. Mwaka 1924 Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto Peter aliyeogopa sungura: alikuwa akila chakula akipendacho huku sungura akisogezwa kidogo kidogo. Mimi nilianza na nukta za penseli kwenye karatasi, kisha picha ndogo, kisha dodoki ndani ya mfuko, kisha ukuta wenyewe, hatua kumi mbali. Kila mara nilisubiri mpaka mwili utulie wenyewe ndipo nisogee. Ilichukua miezi saba. Sasa napita njia ile, na siku moja niliweka kiganja pale palipobambuka.

Chila bado. Mamangu, bila kuambiwa na mtu, siku hizi huniwekea zangu kwenye sahani zikiwa kifudifudi.