Masista na haki za wajane: niliyoyaona Kibosho

Mleta mada ameuliza kama masista wa huku Moshi wanafanya lolote kuhusu haki za wanyonge, au wameishia kwenye sala na shule za ada kubwa. Suala la ada sibishi, lipo na linaumiza wazazi. Ila upande wa pili naujua, maana umepita nyumbani kwetu Kibosho.

Baba alipofariki, mama alibaki na watoto, kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, cha migomba na kahawa, na baba wadogo walioanza kupima mipaka kabla hata ya arobaini. Jumuiya ya kanisa ilikuja, ikasali, ikachanga. Aliyerudi baadaye ni sista mmoja wa parokiani, aliyekuwa akitembelea wagonjwa majumbani. Swali lake la kwanza: "Mama, cheti cha ndoa kiko wapi? Na cha kifo mmeshafuatilia?" Cha ndoa hakikuonekana. Akaenda naye ofisi ya parokia, wakapekua kitabu cha ndoa mpaka jina likapatikana.

Kisha kikao cha ukoo, na hapa ndipo wajane wengi wanapoumizwa. Watu hudhani ni maneno ya wazee tu, kumbe muhtasari wa kikao ndio unaopelekwa mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na jina lililopendekezwa humo lina uzito. Sista alikaa benchi moja na mama, kimya karibu muda wote. Ilipozungushwa karatasi ya kusaini mahudhurio, juu yake hakujaandikwa kitu. Sista akasema kwa upole, "Baba, shikamoo. Naomba tuandike kwanza tulichokubaliana, ndipo mama asaini." Wazee wakatazamana, wakaandika. Mama akapendekezwa kuwa msimamizi pamoja na baba mkubwa.

Yule sista alikuwa amesomea usaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alikuwa anajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Alijua pia kwamba Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linampa mjane nafasi finyu mno kwenye mirathi, kiasi kwamba mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliona Tanzania imekiuka haki za wajane wawili walionyimwa mali kwa msingi huo. Sheria zikivutana namna hiyo, mjane asiye na karatasi hana pa kushika.

Wapo waumini walionung'unika kwamba sista angebaki na rozari yake. Mimi nawaambia, Papa Leo XIII alitoa Rerum Novarum, waraka wa kutetea wafanyakazi na maskini, mwaka 1891, karibu wakati uleule Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Kilema hapa Kilimanjaro. Kwa hiyo mlimani kwetu Kanisa na fundisho hilo ni wa rika moja.

Nguvu yake kubwa niliiona kwenye ukaribu. Baba wadogo walikuwa wakikutana naye misani, zahanati, msibani. Mtu wa mradi unaweza kumkwepa mpaka gari lake liondoke, sista utamkwepaje? Kinachonisikitisha ni kwamba jambo hili linategemea mtu. Parokia ya jirani mjane anaweza kuambiwa "vumilia mama, mwachie Mungu", na mwaka unaofuata kihamba kimeshakatwa. Ningependa kila mnovisi, yaani msichana anayeandaliwa kuwa sista, afundishwe mirathi na ardhi kama anavyofundishwa katekisimu, na ninalisema hili kila nikipata nafasi parokiani.

Kwa mchangiaji aliyeandika kwamba dada yake amefiwa na mume huko Rombo: cheti cha kifo kifuatilieni RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, cha ndoa parokia walikofungia ndoa, na asiende kikaoni peke yake. Akiambiwa "kata imeshaamua", asikubali. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.