Walengwa au wenzetu? Maswali yenu kuhusu mashirika ya hisani yanayobadili mwendo

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wa mashirika madogo ya hisani, yale yenye ofisi ya chumba kimoja na wajitoleaji wachache wanaofanya kila kitu. Wengi wanasema shirika lao limeamua kuacha kugawa misaada peke yake na kuanza kufanya kazi na wakazi wenyewe, pamoja na mashirika mengine, kwa miaka mingi mfululizo. Nimechagua maswali matano.

Mimi ni mjumbe wa bodi. Kwa miaka tisa tumegawa sare na madaftari kila mwanzo wa mwaka wa masomo. Sasa mkurugenzi anataka tuhamie kwenye "ushirikiano wa muda mrefu na jamii". Kwa lugha nyepesi, hasa kinabadilika nini?

Kinachobadilika ni nani anaamua. Kama uamuzi utabaki kwenu, hata mkiita mikutano kila wiki, mtakuwa mmebadilisha jina la mradi tu.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye miradi ya kuboresha miji, alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vipandio vinane. Vya chini kabisa ni vya kuwahadaa watu. Katikati wanapewa taarifa, wanaulizwa maoni, au wachache wao wanaingizwa kwenye kamati ili watulie. Ubia unaanza kwenye kipandio cha sita, pale watu wanapokuwa na nguvu ya kukataa na kukataa kwao kukahesabika. Mashirika mengi niliyofanya nayo kazi yamesimama kwenye kipandio cha nne, cha kuulizana maoni, nayo yanaamini kwa moyo safi kwamba yameshafika juu.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Viti vya mbele vilibandikwa karatasi zenye majina ya wageni. Wazazi walikaa nyuma, kwenye madawati waliyoyatoa darasani wenyewe. Mama mmoja akasimama akasema watoto wake sare wanazo, wanachokosa ni njia: mvua ikinyesha kivuko hakipitiki, na mwalimu anawafuta kwenye mahudhurio. Mwendesha kikao alimshukuru, akasema jambo lake ni zuri na litaangaliwa baadaye, kisha akarudi kwenye ajenda ya sare. Muhtasari ulipotufikia, mchango wa yule mama ulikuwa umegeuka sentensi moja: "Jamii ilishirikishwa kikamilifu." Sare ziligawiwa, picha zikapigwa. Kivuko kikabaki vile vile.

Sisemi sare ni kitu kibaya. Ila katika kikao kile mtu aliyejua tatizo alikuwapo, akasimama, akalisema kwa ufasaha, na hakukuwa na pa kuliandika kwa sababu ajenda ilikuwa imefungwa kabla hajaingia. Ndiyo maana nina ugomvi wa siku nyingi na neno "walengwa". Kinacholengwa hukaa kimya kikisubiri mshale. Yule mama hakuwa kimya hata kidogo.

Kwa hiyo, kabla bodi yenu haijaandika mpango mkakati, jiulizeni ni watu wangapi wanaopokea huduma zenu wana kura ndani ya bodi. Kama hakuna, anzieni hapo. Wasiwe mmoja wa kupamba meza. Wawe wengi wa kutosha kubadili matokeo ya kura, na vikao viwe saa wanazoweza kuhudhuria, kwa lugha wanayoongea nyumbani. Halafu wapelekeeni bajeti ikiwa bado rasimu, wakati bado inaweza kukatwa na kuongezwa.

Mimi ni mmoja wa wanaopokea msaada wa kila mwezi. Tumeambiwa shirika sasa "litajenga uwezo wa jamii". Sisi ndio tunaachwa?

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Nimeona maneno hayo yakitumika kufunga milango, na waliofungiwa ni wale wasio na nguvu ya kulalamika. Mtu asiye na chakula leo hawezi kuambiwa asubiri mpango wa miaka mitano.

Lakini si lazima iwe hivyo. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 2002 mpango wa kaya maskini kabisa. Familia ilipewa kitu cha kuzalisha, mara nyingi mifugo, ikafundishwa kukitunza, ikawekewa njia ya kuweka akiba, na mtu akawa anaitembelea mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Tena ilipewa posho ya kujikimu kwa kipindi fulani, kwa sababu mwenye njaa angemuuza yule mnyama kabla hajazaa. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya mpango kama huo katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Peru. Kwa jumla, mwaka mmoja baada ya msaada wote kuisha, kaya zilizoshiriki zilikuwa bado na hali nzuri kuliko zile ambazo hazikushiriki. Msaada wa leo ndio uliobeba mpango wa kesho.

Kwa hiyo una haki ya kuwauliza msaada wako unakoma lini, na kabla haujakoma kitakuwepo nini badala yake. Na kama mtu ni mzee sana au mgonjwa kiasi kwamba hawezi kuanzisha chochote, nani atamhudumia? Omba majibu kwa maandishi. Nendeni wengi. Shirika linalosema linataka kushirikiana nanyi halina sababu ya kukasirika mkiuliza.

Mweka hazina hapa. Mfadhili wetu mkuu anatoa fedha za mwaka mmoja mmoja, kila senti na kifungu chake, na anataka matokeo Desemba. Nitafanyaje kazi ya miaka kumi kwa fedha za miezi kumi na miwili?

Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Wafadhili wengi hawajawahi kuambiwa, kwa sababu kila anayeomba anaogopa kukosa. Mwonyeshe muda ambao watumishi wako wanatumia kuandika maombi na ripoti badala ya kukaa na watu, na mtumishi mzuri anayeondoka kila mkataba wa mwaka unapokaribia kuisha. Akiondoka anaondoka na imani ya watu aliyoijenga, na hiyo haina kifungu kwenye bajeti.

Wapo wanaotoa kwa namna nyingine. MacKenzie Scott, tajiri wa Marekani, tangu mwaka 2020, ametoa mabilioni ya dola kwa mashirika mengi bila kuyafungia fedha kwenye matumizi maalumu. Huwezi kungoja mtu wa aina hiyo abishe hodi kwako, lakini unaweza kumwomba mfadhili uliye naye afungue hata sehemu ndogo ya ruzuku, au aahidi miaka mitatu. Na hiyo Desemba mpelekee kilichopo kweli: wakazi wamechagua kamati, kamati imekataa mapendekezo yenu mawili na kuleta la kwao. Mfadhili mwelewa ataona hayo ni maendeleo.

Eneo letu lina mashirika matatu yanayofanya karibu kazi ile ile. Tumekubali kuungana nguvu, ila tunagombania nani aongoze.

Mwaka 2011 John Kania na Mark Kramer, washauri wa mashirika ya hisani, waliandika kuhusu muungano wa Cincinnati, Marekani, ambapo viongozi zaidi ya 300 wa shule, serikali na mashirika walikubaliana kuboresha elimu pamoja. Walitaja mambo matano yanayoushikilia muungano: ajenda moja, vipimo vya pamoja, kazi zinazokamilishana, mawasiliano yasiyokatika, na chombo cha kuratibu chenye watumishi wake. Kuratibu kunachosha, na kwa kawaida hakupigwi picha. Kwa hiyo atakayeratibu asiwe anagombea fedha zile zile na wenzake. Fedha za pamoja ziwekewe utaratibu wa maandishi kabla hazijaingia, maana zikishaingia kila mtu hukumbuka makubaliano kwa namna yake.

Wakosoaji walisema mfumo huo ulikusanya wakubwa na kuwasahau wanaoumia na tatizo. Mwaka 2022 Kania, Kramer na wenzao waliuandika upya, safari hii wakiweka usawa katikati. Chukueni funzo hilo mapema. Mkiona viongozi watatu mnashindwa kuafikiana, mleteni wa nne, yaani wakazi, nao waamue.

Tutapimaje mafanikio kama hatuhesabu tulivyogawa?

Hesabuni kinachobaki. Makadirio yaliyokusanywa mwaka 2009 yalionyesha kwamba takriban pampu moja kati ya kila tatu za maji za mkono katika Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa haifanyi kazi. Kila moja ya hizo huenda iliwahi kuandikwa kwenye ripoti fulani kama kazi iliyokamilika. Mara nyingine kinachoikwamisha ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, kilicholika, na hakuna aliyepewa jukumu, fedha wala ufunguo wa kukibadilisha.

Basi rudini mwaka wa tatu na wa tano. Ulizeni ikiharibika nani anatengeneza, kwa fedha ipi, na mara ya mwisho ilichukua siku ngapi. Maswali hayo wayatunge wakazi, na majibu wayasikie wao kwanza, kabla ya mfadhili. Mkikuta imekufa, andikeni kwamba imekufa, na muandike ninyi mlikosea wapi.